Ninalipa ada, mbona chuo kinanificha matokeo ya mwanangu?

Baba Neema:
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Binti yangu, mwenye miaka 17, ameanza chuo hapa Minnesota. Nilipopiga simu kuuliza alama zake za muhula, ofisi ya msajili ilinijibu kwamba haiwezi kunieleza lolote bila idhini ya maandishi ya binti mwenyewe. Tulipokuwa Moshi, kila ripoti yake ya shule niliitia sahihi kwa mkono wangu. Je, hii ni sheria, au ni uamuzi wa karani tu, ilhali mtoto hajatimiza hata miaka 18?

Mwalimu Mstaafu:
Pole, Baba Neema. Karani hakukosea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974, iitwayo FERPA kwa kifupi, humpa mzazi haki juu ya rekodi za mtoto mpaka afikishe miaka 18 au ajiunge na chuo, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo haki hiyo imekwisha kuhamia kwa binti yako, na ada unayolipa haiirudishi kwako. Hata hivyo, ikiwa unamtaja kuwa mtegemezi wako katika fomu za kodi ya mapato, chuo kinaruhusiwa kukuonyesha rekodi zake. Kinaruhusiwa, hakilazimishwi, na vingi husubiri sahihi ya mwanafunzi.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu:
Shikamoo, mzee. Naomba usiione sheria hii kuwa ukuta kati yako na Neema, kwa sababu mimi imenifaa sana. Niliomba kuona jalada langu, jambo ambalo chuo hupaswa kulitimiza ndani ya siku 45, nikakuta somo nililojitoa mapema limeandikwa kuwa nimefeli. Kosa la namna hiyo una haki ya kudai lisahihishwe, ingawa huwezi kutumia sheria hiyo kubishia alama uliyostahili. Kuhusu mama yangu, tuliketi mezani tukajaza fomu ya idhini pamoja: nikataja rekodi za alama na za ada, sababu ya kuzitoa, na jina lake. Mambo ya nidhamu sikuyaweka, naye hakunilazimisha.

Baba Neema:
Marahaba, mwanangu, na ahsante, Mwalimu. Jana usiku nilimwomba Neema badala ya kumwamuru, akakubali kuhusu alama. Ameniuliza kama anaweza kuifuta idhini hiyo baadaye.

Mwalimu Mstaafu:
Anaweza, kwa maandishi. Mwambie hivyo kabla hajatia sahihi.