Tupeane uzoefu: kununua mashine ndogo ya kuchonga vyuma na ya milingi (kisu kinazunguka, chuma kimebanwa mezani) kwa karakana ya nyumbani

Mwanzisha uzi: Wakuu, leo nimepita mtaa wa Gerezani, Dar, mashine inalia kwenye chuma, nikakumbuka nilivyohangaika kutafuta yangu. Walionunua, semeni: ipi, na iliwasumbua wapi?

Fundi Bushi: Ya Kichina, ya mezani, kilo 40 hivi. Umeme wa nyumbani unatosha. Gia za plastiki zilikatika nikichonga puli. Nikafunga za chuma, sasa inapiga kazi.

Mzee wa Vipimo: Vijana mnanunua vitoto. Tafuteni Myford ya Uingereza iliyotumika. Kabla ya kutoa hela, kaza kigari kinachobeba kisu, kiteleze bila kuchezacheza, kikiwa karibu na chaki (kile kishikio kinachozunguka), maana reli zake hulika hapo, halafu kisukume hadi mwisho. Kikikwama, reli zimelika, ondoka.

Fundi Bushi: Shikamoo mzee. Hiyo Myford hapa mjini naipata wapi?

Mzee wa Vipimo: Marahaba. Ukiwa na haraka, huipati.

Dada Karakana: Niacheni nami niseme. Tulinunua mtumba, nusu tani. Muuzaji akaileta na Kenta na vibarua, chen bloki (winchi ya mnyororo) hakuna, hata magogo ya kuiteremshia hakuna. Uzito wa mashine hizi uko upande wa kichwa, kwenye gia. Nikawaambia fungeni kamba huko. Wakasema, "Sista, sisi tunashusha majenereta." Ilipofika ukingoni ikapinduka. Mdogo wangu alikuwa chini, mikono juu, anaipokea! Kibarua mmoja akamvuta shati. Chuma kikatua palepale aliposimama, sakafu ikapasuka, skrubu ndefu inayosukuma kigari ikapinda. Mtoto wa watu hakusema neno mpaka usiku.

Kijana wa Temeke: Mungu mkubwa. Pole sana dada.

Mwanzisha uzi: Muuzaji alilipa?

Dada Karakana: Wapi! Anasema alishakabidhi.

Fundi Bushi: Sasa mzee unaona? Kitoto unakibeba na jirani.

Kijana wa Temeke: Na milingi je? Mimi nashauri ufunge drili ya kusimama, inatosha.

Mzee wa Vipimo: Usimponze mwenzio! Drili imeundwa kusukuma chini. Ukiila chuma kwa pembeni, chaki inachomoka ikiwa inazunguka.

Umeme Tu: Mota ya fezi tatu msiikimbie. Funga invata, kifaa cha kugeuza fezi moja ya nyumbani kuwa tatu. Soma kibao cha mota: kikisema volti 230/400, iunganishe delta (nyaya kwa pembetatu), inazunguka kwa umeme wa nyumbani.

Mwanzisha uzi: Dada, skrubu mliinyoosha?

Dada Karakana: Ilikataa. Mashine iko kona inasubiri. Anayemjua fundi wa kutuchongea nyingine, anitafute.