Mjadala: Je, siri ya ulinzi ifunike hata kodi ya ofisi ya mzabuni?

Mleta mada, Arusha: Ndugu zangu, wapo wanaosema kwamba serikali ikishakubali bei ya kifaa cha ulinzi, haina haja ya kuchungulia gharama za uendeshaji za aliyekiuza. Mimi ni mhasibu, na napinga. Kampuni yenye kazi mbili, moja ya mteja binafsi kwa bei iliyofungwa na nyingine ya serikali inayolipwa gharama halisi pamoja na faida, hugawanya kodi ya ofisi, bima na mishahara ya wakurugenzi kati ya kazi hizo. Kila shilingi inayosogezwa upande wa serikali hurudishwa, na inayobaki upande wa pili hula faida. Mkandarasi mmoja wa majengo aliwahi kuniagiza nimwandike mlinzi wa ghala la hoteli kwenye mradi wa umma. Nilikataa, nikapoteza kazi.

Marekani ina wakala maalumu wa kukagua mikataba ya ulinzi tangu 1965, na kanuni za nchi hiyo zinakataza pombe na burudani kudaiwa serikalini. Hata hivyo, mwaka 1985 ilibainika bungeni kwamba General Dynamics, kampuni ya silaha, ilidai hata gharama ya kutunziwa mbwa wa kiongozi wake.

Mchangiaji, Moshi: Kaka, uchungu wako naufahamu, lakini ukaguzi nao una bei. Mzabuni mdogo atashindwa masharti, abaki mkubwa mwenye idara nzima ya wahasibu, ambayo mishahara yake itaingia kwenye gharama hizo hizo. Tena, bili ya umeme ya kiwanda inaweza kumwonyesha adui kiasi kinachozalishwa.

Mleta mada, Arusha: Hoja ya mzabuni mdogo ni nzito, nami naikubali: kwa mikataba midogo, iwekwe asilimia maalumu isiyobadilika ya gharama za uendeshaji, na vitabu visifunguliwe. Ya siri siikubali, kwa sababu mkaguzi aliyekula kiapo anaweza kuisoma bili hiyo bila kuitangaza. Kumbuka rada yetu, ile Tanzania iliyouziwa na kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems. Mwaka 2010 BAE Systems ilikiri katika mahakama ya Uingereza kwamba haikutunza kumbukumbu za kutosha za hesabu, maana malipo kwa dalali wa mauzo hayo yaliandikwa vitabuni kuwa huduma za kiufundi, na baadaye Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5. Nakuomba unieleze, ndugu yangu: ni siri gani ya nchi ingevuja iwapo mkaguzi wetu angeuliza mapema huduma hizo zilikuwa zipi?