MJADALA: Majitaka ya Lowndes, Alabama, ni mzigo wa mwenye nyumba au wa serikali?

Mleta mada:
Wakuu, tuijadili hii bila jazba. Kaunti ya Lowndes iko Alabama, katikati ya Selma na Montgomery, kwenye ile Barabara namba 80 waliyoipita waandamanaji wa haki ya kupiga kura mwaka 1965. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 10,311, na zaidi ya saba katika kila kumi ni Weusi. Makao makuu yake, Hayneville, hayafikishi watu elfu moja. Ukitoka nje ya vimji vichache, bomba la umma la majitaka hakuna. Kila nyumba inajitegemea, na kwa sheria za jimbo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kujenga mfumo wake. Akimwaga kinyesi juu ya ardhi, ni kosa.

Novemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza kuichunguza Idara ya Afya ya Alabama kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi wa rangi. Mei 2023 wakakubaliana: idara isiwafikishe watu mahakamani kwa sababu ya vyoo, ipime ukubwa wa tatizo, na iandae mpango. Aprili 2025 wizara ileile, chini ya serikali ya Trump, ikayavunja makubaliano hayo. Swali langu ni moja. Nyumba ni yako na choo ni chako. Kwa nini bili iende serikalini?

Mlipakodi:
Isiende. Marekani karibu nyumba moja katika kila tano inatumia karo, yaani mfumo wake yenyewe wa majitaka uliofukiwa kiwanjani, wala siyo bomba la mji. Wenye nyumba hizo wanachimba wenyewe na wanalipa gari la kunyonya wenyewe. Ukianza kuwajengea wa Lowndes, wa kaunti ya jirani atauliza yeye kakosa nini. Anayeweza kuvuta umeme na kununua trela ya kuishi ashindwe karo?

Fundi Karo:
Mkuu Mlipakodi, unazungumzia karo kana kwamba kazi yote iko kwenye tangi. Tangi ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Nyumba ya vyumba vitatu inahitaji tangi la galoni 1,000, yaani kama lita 3,800. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye mitaro yenye kokoto na mabomba ya matundu. Huko ndiko maji yanakosafishwa, kwa kupenya taratibu kwenye udongo. Udongo ukikataa kunywa, tangi linakuwa ndoo tu, na ndoo ikijaa inamwagika.

Udongo wa Lowndes unakataa. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi uliokaa juu ya mwamba wa chokaa laini. Mtanzania anaufahamu: ni ndugu yake udongo wa mbuga, ule unaonasa trekta wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ukilowa unavimba na kujifunga. Mvua huko ni kama milimita 1,300 kwa mwaka, na majira ya baridi maji yanakaa karibu kabisa na uso wa ardhi.

Sasa kipimo cha jinsi udongo unavyonyonya maji. Unachimba tundu la upana wa inchi 6 hadi 12 mpaka kina cha mtaro, unakwaruza kuta zisibaki laini, unaweka kokoto kidogo chini, unajaza maji yaloweke kwa saa nyingi, halafu unajaza tena na kuhesabu dakika maji yanavyoshuka inchi moja. Ikipita saa nzima kwa inchi, mtaro wa kawaida usahau. Kosa linalowaponza wengi ni kupima mwezi mkavu bila kulowesha vya kutosha. Maji yanakimbilia kwenye nyufa, karatasi inaandikwa "umefaulu", na mvua za Januari zinakuta choo kinarudisha uchafu bafuni. Ndiyo maana fundi makini haliamini tundu peke yake. Anakata shimo pana na kutazama rangi: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na kutu yanaonyesha maji yanasimama pale hata kama leo pamekauka.

Suluhisho la udongo huo ni tuta. Unajenga kilima cha mchanga juu ya ardhi, pampu inasukuma maji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku kupitia mabomba yenye vitundu vyembamba. Bei inayotajwa Lowndes ni dola 10,000 hadi 30,000, kutegemea kiwanja. Hiyo siyo karo ya kawaida, mkuu.

Mlipakodi:
Basi wahame. Ardhi imekataa, tafuta nyingine.

Mwana Historia:
Walishahamishwa. Baada ya kujiandikisha kupiga kura mwaka 1965, familia nyingi zilizolima kwa kugawana mazao zilifukuzwa kwenye mashamba ya wenye ardhi, zikaishi kwenye mahema kandokando ya hiyohiyo Barabara 80. Waliobaki na kipande cha familia wanakishika kwa meno. Neno "wahame" pale lina historia yake.

Wakili wa Mirathi:
Mniruhusu nizungumzie karatasi, maana ndiko misaada mingi inakokwama. Vipande hivyo vingi ni ardhi ya warithi. Babu alikufa bila wosia, watoto wanane wakarithi kwa pamoja, nao wakafa bila wosia, na leo wenye hisa wako Chicago, Detroit na Atlanta. Anayeishi hapo anaweza kuwa amelipa kodi ya ardhi miaka thelathini, lakini hati haisomi jina lake peke yake. Benki haimkopeshi. Programu za ruzuku kwa kawaida zinadai uthibitisho wa umiliki. Trela nayo haisaidii, kwa sababu kadiri inavyozeeka thamani inashuka, haifai kuwa dhamana.

Njia iliyopo ni kukusanya vyeti vya vifo na vya kuzaliwa, kuchora mti wa ukoo, kupata viapo vya watu wanaoujua ukoo, na kuwaomba warithi wasaini kumwachia mmoja au kuunda umoja wenye mkataba. Hatari ni kwamba ukimwamsha mrithi wa mbali, anaweza kuuza hisa yake kwa mgeni, na mgeni akaenda mahakamani kutaka ardhi yote igawanywe au iuzwe. Wengine wanaogopa hilo kuliko harufu ya majitaka, na siwalaumu.

Bi Afya:
Mbona hamjazungumzia safura? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor walichapisha matokeo ya watu 55 wa Lowndes: 19 walikuwa na vinasaba vya minyoo ya safura kwenye kinyesi chao. Sampuli ni ndogo na haikuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo asiseme mtu kwamba theluthi ya kaunti inaumwa. Ila njia ya ugonjwa inajulikana. Bomba la plastiki la inchi 4 linatoka chini ya trela, linaishia mtaroni mita chache tu kutoka mlangoni. Pale penye kivuli na unyevu mayai yanaangua, kiluwiluwi kinapenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Dozi moja ya albendazole inapunguza minyoo. Mtoto akirudi kucheza penye bomba lile, umetwanga maji kwenye kinu. Mlipakodi, hiyo ndiyo sababu bili si ya mwenye nyumba peke yake. Kinyesi hakiheshimu mpaka wa kiwanja.

Mlipakodi:
Hapo umenibana, dada. Nakubali hoja ya afya. Lakini nijibuni hili: serikali ikishajenga tuta la dola 20,000, pampu ikifa mwaka wa nne, nani anaifufua? Yule aliyeshindwa kununua?

Fundi Karo:
Swali zuri kuliko lile la kwanza, na waandaaji wengi wa miradi wanalikimbia. Tuta linakufa kwa njia zinazojulikana. Boya la swichi linanaswa na vitambaa vya kufutia watoto, pampu inazunguka kavu mpaka inaungua. Radi inapiga paneli. Mkandarasi analeta mchanga wenye vumbi jingi, vitundu na mchanga vinaziba. Mtu anapitisha trekta juu ya tuta likiwa limelowa. Tangi halinyonywi kila baada ya miaka 3 hadi 5, tope linavuka kwenda kwenye mchanga, na mchanga ulioziba hivyo mara nyingi unabadilishwa wote. Na ukinyonya tangi la plastiki ardhi ikiwa imejaa maji bila kulirudishia maji haraka, linaweza kuelea na kung'oa mabomba.

Kwa hiyo kumkabidhi bibi wa miaka 80 funguo na kijitabu, kisha ukaondoka, ni kumtega. Mfumo unaoshika ni chombo cha umma kumiliki tangi na tuta, mwenye nyumba kulipa ada ndogo ya mwezi kama ya maji, na fundi mwenye pampu za akiba kwenye gari kuja king'ora cha pampu kikilia. Nyumba zikikaribiana, hata tuta la kila kiwanja halihitajiki: kila nyumba inabaki na tangi lake, maji pekee yanasukumwa kwa bomba jembamba hadi sehemu moja ya kusafishia.

Mleta mada:
Na asiyelipa ada mnamfanyaje? Ukimkatia, kinyesi kinarudi mtaroni.

Wakili wa Mirathi:
Usimkatie, na usiweke rehani juu ya ardhi, maana kwa ardhi ya warithi rehani hiyo ndiyo mlango wa kupigwa mnada. Deni liunganishwe na bili ya maji, kiwango kifuate kipato, pengo lijazwe na jimbo.

Mlipakodi:
Pengo lijazwe na mimi, sema tu. Sawa, ila fundi awe na ratiba ya kunyonya iliyobandikwa hadharani, kila mtu aone tangi lipi limefikiwa lini. Bila hiyo sitoi hata senti.