Jengo kongwe la ofisi katikati ya Mwanza: fleti, gesti, ofisi za pamoja au livunjwe?

Mwana_Igogo (mleta mada)

Mwangaluka wakuu.

SACCOS yetu inamiliki jengo kongwe katikati ya jiji, mitaa ya nyuma ya Barabara ya Nyerere. Chini kuna frem nne na baraza yenye nguzo, juu ghorofa mbili za ofisi, vyumba vimepangana pande zote mbili za korido. Lilijengwa kabla ya uhuru, enzi ambazo marobota ya pamba yalikuwa yanalala stesheni yakisubiri behewa. Ngazi ni za terazo, zimelika katikati kwa nyayo za watu, na mkono wa ngazi ni mvule mmoja mrefu usio na kiungo mpaka ghorofa ya kwanza. Ukiushika unaelewa kwa nini sitaki jengo liguswe na kijiko cha kubomolea.

Frem mbili bado zina wapangaji. Juu ni patupu. Ofisi zilihama moja moja kufuata majengo mapya yenye lifti na maegesho, na sasa juu wanaishi popo.

Mkutano mkuu uko karibu na wanachama wamegawanyika. Wengine wanataka tugeuze juu kuwa fleti, wengine gesti, wengine tukarabati ziwe ofisi ndogo ndogo za pamoja zenye intaneti, na wengi wa waliobaki wanasema tuvunje tupandishe ghorofa jipya. Msimamo wangu sifichi: libaki. Ila wanachama wetu ni mama lishe, walimu, watu wa bodaboda, na akiba yao ndiyo itakayoingia humo. Nahitaji hoja zinazosimama kwa hesabu. Nawasilisha.

Dalali_Makoroboi

Mkuu, mali yenu iko kwenye kiwanja na kwenye zile frem. Frem ya mjini mtu analipa kilemba, yaani pesa ya kuingilia, na kodi ya mwaka kabla hajaweka hata rafu. Ofisi ya ghorofa ya pili bila lifti nitaitembeza miezi na wateja watapanda mara moja tu. Ukivunja ukapandisha ghorofa, unapata frem chini na juu yake.

Lakini niseme na upande wa pili, maana nimeuona kwa macho. Siku mnayovunja, kodi ya frem inakata, na mkopo unaanza kudai kabla nondo ya kwanza haijasimama. Kama SACCOS haina pesa ya kumaliza jengo lote, msiguse. Kiwanja kikibaki na uzio wa mabati, ada na kodi zake haziwasubiri.

Mzee_wa_Pamba

Vijana wangu, anzeni na hati. Mwaka 1971 ilitoka Sheria ya Kutwaa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakachukuliwa na serikali, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba. Mitaa ya kati ya Mwanza imejaa majengo yaliyopita njia hiyo. Lenu kama lilisalimika au lilirudi baadaye, karatasi zionyeshe mnyororo mzima, nani alimuuzia nani.

Halafu someni miaka iliyobaki. Hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Jengo la umri huo linaweza kuwa na hati inayokaribia kuisha, na benki haitawakopesha juu yake, muwe mnavunja au mnakarabati.

Nami naomba libaki. Sisi tuliokuja mjini tukiwa watoto tunalikumbuka jiji hili kwa baraza zile: mvua ikinyesha unatembea mtaa mzima usilowe. Reli ilifika hapa 1928, na vyama vya wakulima wa pamba vikaungana kuwa Victoria Federation mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mbele. Wakulima wa jembe la mkono waliuza pamba yao wenyewe, wakaweka ofisi zao wenyewe mjini. Majengo ya namna hiyo ndiyo yanayomwonyesha mjukuu kwamba haya yalitokea.

Mwana_Igogo

Shikamoo mzee. Hati tunayo, ila sijawahi kukaa nikasoma miaka iliyobaki. Kesho nakwenda kwa katibu.

Fundi_Chokaa

Naomba niingie kwa urefu, hii ndiyo kazi yangu.

Kabla ya kuchagua fleti au gesti, panda darini na tochi. Jengo kama hilo haliuawi na umri, linauawa na maji. Angalia bati, mifereji, na pale paa linapokutana na ukuta. Kama sakafu za juu ni mbao, tafuta vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, chukua kisu kichome hapo. Kikigoma, mbao ni nzima. Kikizama, boriti imeoza kichwa hata kama katikati inang'aa. Hapo ndipo pesa yenu itakapokwenda, na hakuna atakayeiona kwenye picha za uzinduzi.

Pili ni plasta. Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo, taratibu, kuanzia chini hadi kifuani. Ukisikia mlio mtupu, plasta imeachana na ukuta. Mara nyingi utakuta ni saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Ukuta ule ulijengwa upumue: unyevu unapanda kutoka ardhini na kutoka kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, chumvi inachanua, plasta inabanduka, na fundi mwingine anakuja kupiga saruji nzito zaidi. Bandua yote. Piga chokaa na mchanga, moja kwa tatu, tabaka jembamba jembamba, na uunyweshe maji usikauke kwa haraka. Kazi inakwenda polepole na mafundi wengi hawaipendi kwa sababu hiyo.

Tatu ni nyufa. Ufa wa plasta uache. Ufa unaopita kwenye kona ya dirisha kwa mshazari na upana wake ni tofauti juu na chini, mwite mhandisi. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 tulilisikia hata Mwanza, na kuta za mawe zisizo na mkanda wa zege hazikuwa na raha siku ile.

Msidhani umaarufu wa jengo unalizuia kuanguka. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale lililomo humo, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili.

Popo watolewe kwa kuziba matundu jioni wakishatoka, na si msimu wana watoto wasioruka. Kinyesi chao fagieni kikiwa kimelowanishwa, mkivaa barakoa.

Dada_wa_Kirumba

Mimi naendesha gesti, kwa hiyo nasema upande huo. Wateja wapo: watu wa Ukerewe wanaokuja mjini kwa shughuli, wafanyabiashara wa dagaa, abiria wanaosubiri MV Victoria ya Bukoba. Lakini mgeni wa siku hizi hataki choo cha korido. Anataka bafu ndani ya chumba. Fundi ameongelea boriti za mbao. Sasa hesabuni mabafu kumi na mawili juu ya boriti hizo. Bomba moja likivuja ndani ya sakafu utajua siku dari ya mpangaji wa frem itakapoloa.

Gesti pia haina siku ya mapumziko. Mashuka, maji, ulinzi, mapokezi usiku kucha. SACCOS itaajiri mtu, na pesa ya gesti inavuja kirahisi kuliko bomba. Kama hamna msimamizi mnayemwamini, achaneni nayo.

Mchoraji_Ilemela

Nimesoma yote. Naongeza mambo matatu ambayo wateja wangu huyasahau.

Fleti zinavutia kwenye karatasi, na tangu sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya 2008 mnaweza hata kuuza fleti moja moja kwa hati. Ila jengo la ofisi lina choo kimoja mwisho wa korido, na fleti inataka choo na jiko kila nyumba. Maana yake mabomba mapya ya kupanda wima, mashimo kwenye kila sakafu, LUKU ya kila mpangaji. Na ngazi yenu ni moja. Watu wakilala juu, Zimamoto watauliza njia ya pili ya kutokea, na wana haki kabisa. Ofisi za mchana watu wako macho. Fleti, hosteli na gesti watu wamelala.

Ofisi za pamoja ndizo zinazolibomoa jengo kidogo kuliko zote. Vyumba vipo, korido ipo, vyoo vinabaki pale pale mnaviboresha, nyaya mnazibadilisha zote. Dalali ana hoja kwamba ofisi kubwa haipandi ngazi. Lakini wakili anayeanza, mhasibu wa kujitegemea, fundi cherehani wa oda, ofisi ya watu wawili wa mtandaoni, hao hawahitaji lifti. Wanahitaji chumba kidogo, umeme usiokatika, mtandao wa kasi, na kodi ya mwezi badala ya mwaka. Mlemavu wa miguu asisahauliwe: tengeni chumba kimoja cha mikutano chini, kwenye frem mojawapo.

La mwisho, msitegemee sheria ilinde jengo kwa niaba yenu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kwa umri majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye mpaka waziri ayatangaze. Mwanza kituo cha Wajerumani kilianza 1892, kwa hiyo majengo yetu ya mjini hayalindwi na umri wake. Wanachama wakipiga kura livunjwe, litavunjwa.

Mwana_Igogo

Dada, fundi, mchoraji, asanteni sana. Kuna mwanachama ameniuliza kwa nini tusifanye makumbusho, kama Boma la Arusha, au Boma la Kale la Dar lililofunguliwa upya 2017 kuwa kituo cha urithi wa usanifu, au ofisi ile ya zamani ya mkuu wa mkoa Nairobi, ya 1913, ambayo leo ni Nairobi Gallery.

Mchoraji_Ilemela

Kazi nzuri zote hizo, nazipenda. Ila nyuma yake kuna serikali na wafadhili, si akiba ya mama lishe. Na makumbusho ya Wasukuma tunayo tayari Bujora. Ninyi wekeni picha za zamani na historia ya pamba kwenye ukuta wa ngazi, kila anayepanda azione bila kiingilio.

Dalali_Makoroboi

Kwa hesabu ya mchoraji nabadilika kidogo. Frem mbili zilizo wazi zikipakwa rangi na kuwekewa milango mizuri, nazipangisha haraka. Kodi ya frem zote nne ilipe paa, halafu ghorofa ya kwanza, halafu ya pili. Msikope kwa ajili ya kila kitu kwa mpigo. Na msiruhusu mpangaji abomoe nguzo ya baraza ili aweke kioo kikubwa, andikeni kwenye mkataba.

Mwana_Igogo

Hiyo ndiyo naipeleka mkutanoni: paa na mifereji kabla ya vuli, frem zilipie ghorofa ya kwanza ya ofisi za pamoja, ya pili isubiri zamu yake. Fleti na gesti naziweka pembeni kwa sababu ya mabomba na ngazi moja. Kuvunja nitawaeleza wanachama wenyewe nani atalipa mkopo miezi ambayo frem hazipo.

Fundi, Jumamosi unaweza kuja kuchoma hizo boriti? Ngazi ya kupandia darini ipo, tochi nitaleta.

Fundi_Chokaa

Nakuja asubuhi. Mwambie mpangaji wa frem ya kona asogeze mizigo yake ukutani, nataka kugonga plasta ya upande ule. Na katibu aje na ramani ya zamani kama mnayo, hata iliyochanika.