Land Rover 109 ya marehemu baba mkubwa: nianze na injini au chesisi?

mwana_wa_buswelu

Wakuu mwangaluka. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, pikapu, ya marehemu baba mkubwa. Imekaa chini ya mwembe hapa Buswelu, Mwanza, toka sijamaliza fomu foo na saa hizi nina mtoto yuko chekechea, piga hesabu mwenyewe. Kikao cha familia wengine walitaka iuzwe kwa wale wa vyuma chakavu, mimi nikasema hapana, basi wakasema chukua wewe na usije kutuomba hela. Kadi ipo.

Kuku walikuwa wanatagia siti ya dereva ila bodi iko safi wakuu, haina kutu hata kidogo, imepauka rangi tu, ndo maana nina moyo nayo. Mzee alikuwa anabebea samaki toka mialo ya huko Magu kuja mjini, baadae akapeleka sana kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), na siku ya mwisho aliipaki yenyewe ikiwa inatembea, haikufa barabarani.

Mpango wangu nitoe hii injini nifunge 1HZ ya Toyota, ile dizeli ya silinda 6, niweke pawa stelingi, tairi pana na taa za juu. Kazi nataka nifanyie hapahapa nyumbani wikiendi, jirani ana mashine ya kuchomelea. Nianze na injini au kuna kitu kinatangulia? Na hiyo 1HZ inaingia kweli?

pansiansi_ndo_nyumbani

Uza hiyo nunua Noah mkuu, hahaha. Natania. Weka picha ya hao kuku.

fundi_mstaafu

Mdogo wangu, hongera kwa kukataa kuiuza. Sasa sikiliza. Bodi ya hiyo gari ni aluminiamu, haioti kutu hata uizamishe ziwani, kwa hiyo ukiniambia bodi iko safi hujaniambia kitu. Chuma kiko chini: chesisi, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako. Huko ndo ukaangalie.

Na uliposema samaki nikashtuka kidogo. Ziwa letu ni maji baridi, gari za huku haziliwi kama za Tanga au Dar ambako upepo wenyewe una chumvi, lakini gari iliyobeba samaki ni habari nyingine. Barafu inayeyuka inashuka na ute wa samaki, na kayabo ndo kabisa ile ni chumvi tupu. Yale maji yanachuruzika yanaingia ndani ya chesisi, maana chesisi ya 109 ni kama boksi refu lenye uwazi ndani, inaoza kuanzia ndani huku wewe nje unaona rangi nyeusi inang'aa. Nimewahi kuinua moja kwa jeki, jeki ikaingia ndani ya chuma kama kisu kwenye papai.

Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi nzima kidogo kidogo. Chuma kizima kinalia ngii, kilichooza kinasema pof. Gonga hasa ile boriti ya nyuma kabisa wanapofunga trela, mikono ya pembeni inayobeba bodi, sehemu springi zinaposhikia, na chini ya tenki. Halafu ingia ndani toa mpira wa sakafu utazame pale unapoweka miguu na kwenye nguzo za milango chini.

Kabla hujalala chini ya hiyo gari soma hapa mara mbili. Hendibreki yake haishiki magurudumu, iko kwenye dramu nyuma ya giaboksi, inashika shafti ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inaliachia lile la hewani lizunguke na hendibreki yako inakuwa haina maana, gari inaondoka. Weka mawe kwenye magurudumu, Mwanza mawe hatujawahi kuishiwa, na juu ya jeki weka stendi au magogo.

Injini usiipige stata. Toa plagi zote 4, mimina oili kidogo kila silinda, acha siku mbili tatu, halafu izungushe kwa mkono na kile chuma cha mbele. Ikizunguka ndo uongee mambo ya betri. Ikigoma usitumie nguvu, ongeza oili subiri tena. Petroli iliyomo kwenye tenki imwage yote, imeshakuwa kama vanishi.

Hiyo 1HZ ni injini nzuri sana ila ni cc 4164, ndefu, nzito, na mbele yako una giaboksi iliyotengenezwa kwa injini ya hosipawa 70 hivi. Utakata ukuta, utahamisha rejeta, utatengeneza mikono ya injini, ukimaliza giaboksi inakufa, unatafuta ya Toyota, shafti hazifiki urefu, na breki bado ni dramu za mwaka 47. Hapo si bora ungenunua Land Cruiser?

dada_wa_nyegezi

Fundi kasema kweli tupu, mi naongezea tulipoumia mimi na kaka yangu. Yetu ni 109 ya kufunikwa, tuliileta toka Singida na ilitumaliza hela.

Kosa la kwanza tulimpa fundi mmoja wa kuchomelea (simtaji) akakata mikono yote ya upande mmoja siku moja, akasema atairudisha kesho. Kesho yake bodi imelala na milango miwili haifungi mpaka leo lazima uinue kwa goti. Kwa hiyo kata mmoja, choma mmoja, ndo uende wa pili, na kabla hujakata chochote pima chesisi kwa futi toka kona hadi kona kama mkasi, andika namba ukutani. Toa waya za betri na za altaneta kabla ya kuchomelea. Tenki lishushe upeleke mbali kabisa, liko chini ya siti, na hata likiwa tupu ule moshi wa petroli ndo unaolipuka.

Pale bodi inapokutana na chesisi tuliweka vipande vya tyubu ya baiskeli kila bolti, maana aluminiamu ikigusana na chuma pakiwa na unyevu vinakulana, utaona unga mweupe. Tyubu kuukuu unapewa bure na mtu wa pancha.

Injini sisi tuliweka 200Tdi, dizeli ya Land Rover yenyewe ya miaka ya 1989 mpaka 1994. Hiyo inakaa kwenye giaboksi ya zamani bila vita kubwa kuliko 300Tdi iliyokuja baada yake. Hosipawa zinapanda mpaka mia na kitu, mlima unapanda unaimba. Ila jiandae, difu za 109 ni 4.7, yaani gia ni fupi, tukifika spidi 80 barabara ya Usagara injini inalia kama inaomba msamaha. Ilibidi tutafute difu za 3.54, zenye gia ndefu zaidi, toka gari nyingine, zikaja na basi toka Arusha zimefungwa kwenye kiroba cha mchele.

Breki ndo ungeanza nazo. Sisi tulianza na injini kwa sababu ya kiherehere, siku ya kwanza kushuka mlima wa Bugando pedo ikaenda mpaka chini, kaka akaigusisha ukingo wa mtaro ndo ikasimama. Wili silinda zote, zile zinazosukuma breki kwenye kila gurudumu, zilikuwa na kutu ndani.

petroli_mpaka_kifo

Nyie watu wa dizeli mnapotosha kijana. Injini aliyonayo cc 2286 ndo injini rahisi kuliko zote, ina taiming cheni siyo belti, haina kompyuta, haina taabo, ikisumbua unaangalia mambo mawili tu, moto na mafuta. Foleni ya moto, yaani silinda zinavyofuatana kuwaka, 1-3-4-2 ukiikariri umemaliza nusu ya ufundi. Kuanzia 1980 wakaweka beringi kuu 5 za krenki badala ya 3, ndo nzuri zaidi. Kijana gari yako ya mwaka gani?

Ugonjwa wake ni kabureta, ile Zenith mfuniko unapinda kwa joto inaanza kunywa petroli kama ng'ombe. Fungua, weka juu ya kioo na msasa laini, sugua taratibu mpaka ukae sawa. Hela ya msasa tu.

dada_wa_nyegezi

Kaka petroli inakula lita moja kwa kilomita 5 au 6 hapo haijabeba kitu, na bei ya mafuta unaijua. Nani atamlipia?

petroli_mpaka_kifo

Kwani anaenda nayo Kigoma kila siku? Gari ya jumapili hiyo dada. Kwa hela ya injini na difu zenu angekunywa petroli miaka mitatu.

fundi_mstaafu

Hapa namuunga mkono wa petroli, japo moyoni mimi ni mtu wa dizeli. Aifufue kwanza ilivyo, aitembelee mwaka, akiona haimtoshi ndo ahame. Na akihama aende TRA kwanza aulize habari ya namba ya injini kwenye kadi, asije akakwama trafiki.

Tairi pana achana nazo. Hiyo gari inavaa 7.50-16, nyembamba, inakata tope inafika chini pagumu, na stelingi inakuwa nyepesi. Watu wanafunga tairi pana halafu wanalilia pawa stelingi. Toa yale matufe ya kromu ya magurudumu ya mbele uyatazame, yakiwa na vidonda yanakula sili na oili inamwagika.

Lingine ambalo vijana hamlijui, fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ya hiyo gari haina difu ya katikati. Ukisukuma kile kirungu cha njano chini umeunganisha mbele na nyuma moja kwa moja. Kwenye tope sawa, kwenye lami usithubutu, kona mbili tatu shafti inajipinda kitu kinakatika.

mwana_wa_buswelu

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimegonga nyundo. Boriti ya nyuma nyundo imeingia ndani, haikurudi, nimeitoa kwa plaisi. Mikono miwili upande wa tenki pof. Pa kuweka mguu wa dereva naona ardhi. Ila zile reli mbili kubwa zinalia ngii mbele mpaka nyuma isipokuwa kama shubiri mbili mwishoni.

Injini siku ya tatu imezunguka! Mke wangu alidhani nimeumia kwa ile kelele niliyopiga. Ni ya 1981, beringi 5.

Sasa, nitafute chesisi nyingine au nichomelee hii?

fundi_mstaafu

Kama reli ni nzima chomelea. Chesisi mpya za kuzamishwa zinki zipo Uingereza, kuifikisha Buswelu ni hadithi nyingine, na chesisi nyingine ni namba nyingine. Namba yako imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia, isugue kwa brashi ya waya uisome uifananishe na kadi, na huyo jirani asije akapitisha grinda hapo.

Chuma cha kuchomelea tumia unene uleule, milimita 2 kwenda 3, siyo bati la geti. Kata mpaka ukute chuma kinachong'aa ndo uchome, usibandike juu ya kutu. Ukimaliza miminia oili chafu ndani ya chesisi kupitia yale matundu, endesha iloe yote. Majirani watalalamika harufu, wavumilie.

dada_wa_nyegezi

Na uziangalie breki!!

mwana_wa_buswelu

Nimesikia dada. Wili silinda nimeshafungua mbili, zote zimeganda, mastasilinda naifungua kesho. Boriti ya nyuma tunaanza jumamosi, futi nimepima namba ziko ukutani, mke kashaniuliza ni za nini. Wabeja sana wote. 1HZ nimesamehe. Kuku nimewahamishia kwenye tela bovu ila mmoja kagoma, kila asubuhi nakuta yai siti ya dereva.