Tupeane uzoefu: katuni iliyokufanya utamani toi utotoni

Mtoto wa Barabara ya 9
Salaam wana Tanga, mliopo na mliotawanyika. Idd iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka sita viwanja vya Tangamano na pesa zake za sikukuu. Akayapita mabembea, akaupita ubuyu, akaenda moja kwa moja kwa mmachinga mwenye kigari cha mbwa wa katuni ya PAW Patrol. Hata bei hakuuliza. Nikajiona mimi mwaka 1996.

Wakati ule jirani yetu pale Ngamiani alikuwa na deki na kanda mbili za katuni ya He-Man, yule shujaa mwenye upanga. Jumamosi tunajazana sakafuni watoto kama ishirini, ndala tumeziacha barazani. Nikitoka pale nautaka ule upanga hadi usingizi siupati. Babu yangu alifanya kazi mashamba ya mkonge, akaniletea kipande cha ule mlingoti unaochomoza katikati ya mkonge, umekauka. Wanaoujua wanajua: mwepesi kama boya, kisu kinazama kama kwenye muhogo. Nilichonga siku mbili, mpini nikauzungushia kamba ya katani. Mkono ukitoka jasho, kamba inawasha. Mwasho ule naukumbuka mpaka leo.

Haya, leteni zenu.

Fundi Redio, Chumbageni
Mkuu, mimi nilimlilia Optimus Prime, kiongozi wa yale maroboti mema ya Transformers. Nilikuwa banda la video, filamu ya Transformers ya mwaka 1986. Anakufa tunamwona, mwili wote unageuka kijivu. Nilirudi nyumbani nikakataa kula, mama akadhani nimepigwa njiani. Sababu nimekuja kuisoma ukubwani: matoi ya zamani yalikuwa yanaondolewa madukani ili mapya yaingie, basi na wenyewe wakauawa kwenye hadithi. Watoto wa Marekani nao walilia, hadi wakamrudisha kwenye katuni mwaka 1987. Mpaka leo naona hawakututendea haki. Sisi hata hilo toi hatukuwa nalo.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari hizi. Nilidhani katuni hutangulia na toi hufuata. Kumbe He-Man alianza kama sanamu za kampuni ya Mattel mwaka 1982, katuni ikaja 1983. Mattel walikuwa wamekataa kutengeneza matoi ya filamu ya Star Wars, kampuni ya Kenner wakayachukua wakavuna, basi Mattel wakatafuta shujaa wao. Yale maroboti ya Transformers nayo yalikuwa matoi ya Takara wa Japani. Kampuni ya Marekani, Hasbro, wakayachukua, wakayapa majina na ugomvi wa makundi mawili, Autobots na Decepticons, na mwaka 1984 matoi na katuni vikatoka pamoja.

Pangani Mjini
Kwani serikali ya Marekani ilikuwa haioni kwamba katuni zinauza matoi?

Fundi Redio, Chumbageni
Iliona, kaka. Mwaka 1969 kulikuwa na katuni ya magari ya Hot Wheels. Kampuni pinzani ya matoi ikalalamika kwamba kipindi kizima ni tangazo, na tume ya mawasiliano ya Marekani ikakubali kwamba sehemu yake ihesabiwe kama tangazo. Hofu hiyo ikawazuia wengine kwa miaka mingi. Kufika 1984 masharti yakalegezwa, ndipo milango ikafunguka. Mwaka 1990 wakatunga sheria ya kupunguza matangazo kwenye vipindi vya watoto: dakika 12 kwa saa siku za kazi, kumi na nusu wikiendi.

Mama Wawili
Mimi nauza matoi sokoni Ngamiani, mzigo nachukua Kariakoo. Katuni sina muda nayo ila naijua kwa mzigo. Nilipoanza biashara ilikuwa saa ya Ben 10, yule mvulana wa katuni anayegeuka zimwi kwa saa yake; zile zinazomulika picha ukutani. Katuni ilianza 2005, lakini mimi niliuza saa zake miaka na miaka. Mtoto ukimpa ya rangi nyingine anakurudishia, anakwambia mama hii siyo.

Mwanangu mkubwa nilimpa moja iliyokwaruzika. Umeme ulikatika usiku, nikawasikia wanacheka chumbani. Nikachungulia: wamelala chini ya chandarua, wanamulika picha kwenye neti, wanaipuliza ili zimwi litembee. Sikuwakataza. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu.

Pangani Mjini
Sisi nyumbani TV haikuwepo. Binamu yangu akitoka Tanga mjini anatusimulia, sisi tunafinyanga kwa udongo wa mtoni. Nilipokuja kumwona He-Man mwenyewe nilishangaa hana mkia. Wa kwetu alikuwa nao, sijui binamu aliutoa wapi.

Mtoto wa Barabara ya 9
Ahsanteni sana. Niongeze la binti yangu wa miaka minne. Yeye ni Akili and Me tu, katuni ya hapahapa Tanzania, ya Akili, yule mtoto anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Anahesabu naye, anaimba naye. Akamtaka awe wake, alale naye. Nimezunguka maduka yote ninayoyajua sikumpata, na wa PAW Patrol wamejaa kila kona.

Bibi yake akakata leso kuukuu, akashindilia pamba ya mto, nywele akafuma kwa uzi mweusi. Macho ni vifungo viwili vya shati langu la kazi, kimoja kimezidi kingine. Jana binti kaniambia nisikae kwenye kile kiti, Akili amekaa.