Mmenyoosha kijito chetu mkatuletea mafuriko, sasa mnautaka na uwanja!

Wakuu, nawasalimu. Wasimamizi naomba msiunganishe uzi huu na ule wa taka, hili ni jambo jingine. Povu ruksa, ila nisomeni hadi chini kwanza, maana limenikaa kifuani tangu masika yaanze.

Mimi ni fundi bomba, naishi Arusha upande wa Kijenge, kando ya kijito kinachomwaga maji yake mto Themi. Jina la mtaa naliacha, wa huku mtajitambua wenyewe. Kijito chenyewe si kikubwa, kiangazi chalii wa darasa la tatu anakiruka bila kukimbia. Kilikuwa kinashuka hadi penye mkuyu, kinakata kona, kinauzunguka uwanja wa wazi tunaouita Bwawani, halafu kinarudi kwenye njia yake. Masika maji yalikuwa yanapanda pale uwanjani, yanakaa siku mbili tatu, yanashuka taratibu. Jina la Bwawani limetokea hapo. Yakishuka, vijana wanacheza mpira kwenye tope, kina mama wanapanda mchicha na figiri pembeni kwa sababu mto umewaletea mbolea ya bure. Sikumbuki mtu kuhamisha kitanda kwa ajili ya kijito kile.

Ukaja mradi. Bango, kijiko cha kuchimbia, malori ya mawe na kokoto. Mkutano ulikuwa mmoja, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukanywa soda. Miezi baadaye naambiwa karatasi ile ndiyo ushahidi kwamba wananchi tuliridhia. Jamani! Hata msibani watu wanasaini daftari la rambirambi, haina maana wamemuua marehemu.

Haikufika wiki mbili kona ikawa imefutwa. Mkuyu ukakatwa, na waliokuwa karibu wanajua hondohondo walivyolia juu ya ule mti siku ile. Badala yake tumepewa mtaro ulionyooka kama rula, kuta zege, sakafu zege, mita mia tatu hivi. Unaishia wapi? Kwenye mpaka wa mradi, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Kuanzia hapo ni udongo mtupu.

Nilimfuata injinia siku hiyohiyo. Akaniambia, "Fundi, maji yanatakiwa yaondoke haraka." Nikamuuliza yaondoke yaende wapi, mzee? Akacheka, akapanda gari.

Sasa niwaeleze kwa lugha ya kazi yangu. Maji ya mvua hayapungui kwa sababu umeyajengea zege. Ni yaleyale. Unachobadilisha ni muda. Kona inayapunguza mwendo, matete na mawe yanayakwaruza, uwanja unayashika, ardhi inakunywa mengine. Hivyo maji yanafika chini kidogo kidogo, kwa saa nyingi. Ukiyapa njia laini iliyonyooka, yanafika yote kwa pamoja, yakiwa na hasira, na yanaanza kula pale zege linapoisha. Fundi yeyote aliyewahi kufungulia maji ya kasi kwenye bomba bovu anajua litapasukia wapi: kwenye kiungo dhaifu. Kiungo dhaifu chetu ni gema la mama mkwe.

Na hapa Arusha haihitaji shahada kuliona. Juu yetu kuna mlima Meru, zaidi ya mita 4,500. Sisi tupo kama mita 1,400. Umbali wenyewe ni mfupi, mteremko mkali, udongo ni wa majivu ya volkano, ukiuvua majani unakatika kama keki. Haya makorongo yanayotisha watu Muriet na Sinon hayakuchimbwa na jini. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo humu humu jijini, tukazika watoto. Baada ya hapo nilidhani mtu yeyote anayegusa njia ya maji katika mji huu atatetemeka kwanza. Wapi.

Masika haya mvua kubwa ya kwanza ilianza saa nne usiku. Zamani tulikuwa tunasikia kijito kikinguruma, unapata muda wa kunywa chai, kutoa kuku, kuita majirani. Safari hii ilikuwa dakika chache tu, nikasikia kishindo nikadhani lori limeangusha kokoto. Ilikuwa ni gema. Choo cha mama mkwe kilikwenda, banda la mbuzi likafuata, na ukuta wa jikoni ukabaki unaning'inia. Mama mwenyewe tulimtoa kwa mgongo, ana miaka sabini na kitu, analalamikia kanga yake iliyobaki kwenye kamba. Kalvati la barabarani lilikuwa limezibwa na viroba na pampasi, maji yakapanda juu ya lami yakaingia kwa watu ambao hata si wa bondeni.

Naam, viroba na pampasi. Nisije nikaambiwa nalaumu ofisi peke yake. Kuna majirani zangu wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo, usiku wa manane unasikia harufu inashuka. Kuna gereji inamwaga oili chafu. Kuna mwenzetu anachota mchanga kila alfajiri kwa punda, ukimuuliza anasema mto hauna mwenye. Nawajua, mnanijua, na mnausoma uzi huu. Lakini pampasi haikukata mkuyu.

Jambo jingine ambalo hawakulisema mkutanoni: kijito kimekufa. Zamani hata Septemba palikuwa na uzi wa maji kati ya mawe, kwa sababu yale maji ya masika yaliyonywewa uwanjani yalikuwa yanarudi polepole kutoka ardhini. Watoto walikuwa wanakamata kaa chini ya mawe, mdiria anakaa kwenye tawi anawaangalia. Juu ya sakafu ya zege kaa ataishi wapi? Mwaka jana kufikia Agosti palikuwa pamekauka, vimebaki vidimbwi vya kijani vya mbu. Na sisi ndio jamii inayolalamika kila siku kwamba maji ya Arusha yana floraidi, meno yanakuwa kahawia. Tumepewa maji yakitiririka mbele ya mlango tukayafanya njia ya kinyesi.

Nilivumilia yote. Kilichonifanya nifungue uzi ni bikoni, yale mawe ya mpaka wanayosimika wapima viwanja.

Jumanne ya wiki iliyopita nimekuta bikoni mpya pale Bwawani. Nikauliza, naambiwa uwanja "umepangiwa matumizi", zitajengwa fremu za maduka. Fremu! Mji mzima umejaa fremu zenye kufuli na tangazo la kupangisha. Nikarudi nyumbani nikakaa kimya, halafu nikaelewa. Kama kijito kingebaki na kona yake, uwanja ule usingejengeka hata na kichaa, kwa sababu kila masika ni bwawa. Ukikinyoosha, ardhi "inapatikana". Nani alipanga hivyo sijui, na simtaji mtu. Ila kwa macho yangu, mtaro ule uliokoa viwanja, na bili akapelekewa mama mkwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sisi maskini tumeisikia hiyo mita 60 kila tunapopigiwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Nimepima mwenyewe kwa futi kamba: bikoni ya karibu ipo mita 22 kutoka kwenye mtaro. X nyekundu sijaiona.

Halafu msiniambie kwamba duniani kote mito ya mjini inajengwa zege. Seoul, Korea Kusini, walikuwa wameufunika mto wao wa katikati ya mji na kupitisha barabara ya juu. Wakaibomoa barabara, mwaka 2005 wakaufungua tena mto, kilomita karibu sita, watu wanakaa pembeni wanatumbukiza miguu. Mbali sana? Njooni Dar. Baada ya kuzika watu kwa mafuriko ya Desemba 2011 na mengine yaliyofuata, mto Msimbazi umepata mradi wake, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na ndani ya mpango kuna kuupa mto nafasi ya kutanuka na bustani ya jiji pale bondeni. Wamelipa watu, wamehamisha watu, kelele zipo, fidia wengine wanailalamikia hadi leo. Lakini angalau wanarudisha nafasi ya maji. Sisi tuliokuwa nayo bure ndio tunaiuza. Tutakuja kuinunua kwa dola.

Tunachotaka hakihitaji dola. Vunjeni ile sakafu ya zege, turudishiwe kona. Bwawani pabaki wazi: masika pa maji, kiangazi pa mpira, pembeni bustani za kina mama na njia ya kupita kwa miguu. Kingo zipandwe matete, mianzi, mikuyu, mringaringa. Naomba msituletee mikaratusi, inakunywa maji kuliko sisi tunavyokunywa bia. Kalvati lipanuliwe na liwekewe mtu wa kulizibua kabla ya Machi, si baada ya picha za mafuriko. Na gema la mama mkwe lishikwe kwa gabioni, yale matenga ya waya yaliyojazwa mawe, kwa sababu hilo limeharibiwa na kazi yenu.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Kuna mkuu hapo chini ameuliza, "Na wewe fundi nyumba yako ipo mita ngapi?" Swali halali. Chumba cha watoto mita 48, jiko la mama mkwe lilikuwa mita 9, sasa ni mita 3 na halina ukuta. Baba mkwe alijenga mwaka 1979, hakuna aliyekuwa anapima. Mkitupa pa kwenda tutahama, nimeshaongea na mke wangu. Lakini tukihama sisi ili zije fremu, hapo tutashikana mashati.

Mwingine anasema nipeleke malalamiko kwa maandishi. Nimepeleka mawili, nina nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Jana nimejibiwa kwa mdomo kwamba kwenye ramani yao kijito kilikuwa kimenyooka tangu zamani, kona haijawahi kuwepo.

Kwa hiyo naomba msaada mmoja. Yeyote mwenye picha ya Bwawani kabla ya kijiko kuingia, aiweke hapa. Ya harusi, ya kipaimara, ya timu yenu ya mtaani mkiwa mmechuchumaa, hata kama mto unaonekana kwa pembeni tu nyuma ya bega la mtu. Na kama tarehe imeandikwa nyuma, ipigeni na huko.